Watu Watatu wa Kaya Namba Saba

Ofisi ya Utafiti wa Kaya
Kigoma Mjini
9 Oktoba 2000

Kwa Bi. Jovita Herman,
Mdadisi, Kijiji cha Kagunga.

YAH: KAYA NAMBA 7

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepitia vitabu vya matumizi ulivyonitumia kwa mkono wa nahodha Gervasi. Kazi yako ni safi. Mwandiko unasomeka, na kati ya wadadisi kumi na wawili nilio nao mkoani ni wewe peke yako uliyekumbuka kuandika chumvi. Watu husahau chumvi.

Tatizo langu ni kaya namba 7. Umeandika kwamba mkuu wa kaya ni Bi Caritas, mjane wa miaka 38, kazi yake kuanika na kuuza dagaa, na kwamba anaishi na binti zake wawili, mmoja miaka 15 na mmoja 11. Watu watatu. Lakini kitabu chake kinaonyesha unga wa muhogo kilo mbili na robo kila siku, maharage ya kutosha kikosi, na mawese chupa moja kwa siku tatu. Nikigawa kwa watu watatu, kila mmoja katika nyumba hiyo anakula kumzidi meneja wa benki.

Ama mzani wako umeharibika, ama umekosea kuandika, ama kuna jambo hujaniambia. Tafadhali nieleze kwa boti ya kurudi.

Mudathir Salehe
Msimamizi wa Utafiti

*

Kagunga
14 Oktoba 2000

Mzee Mudathir,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila huku mvua zimeanza na njia ya kwenda kaya namba 11 imekuwa utelezi mtupu.

Kuhusu kaya namba 7, mzani ni mzima. Nimeujaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja, ukasoma kilo moja. Bi Caritas alikuwa na wageni. Kulikuwa na harusi ya jamaa zake na watu wakawa wanapita kula. Pia watu wa ziwani wanakula vizuri, Mzee, si kama sisi wa Kalinzi tuliozoea ndizi asubuhi na ndizi jioni. Nadhani mwezi huu kiasi kitapungua.

Naomba uniletee penseli mbili na kifutio.

Wako mtiifu,
Jovita Herman

*

Kigoma Mjini
18 Oktoba 2000

Bi Jovita,

Marahaba. Penseli ziko ndani ya bahasha. Kifutio sikuleta makusudi. Mdadisi mwenye kifutio hunitia wasiwasi. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili nione ulichokuwa umeandika kwanza.

Harusi ya siku thelathini sijawahi kuisikia, hata kwetu Pangani ambako watu wanapenda ngoma.

Nitakueleza kitu ambacho pengine hukuelezwa vizuri kwenye semina. Hatuwezi kupima unga wa kila nyumba Tanzania. Kwa hiyo tumechagua nyumba chache kwa bahati nasibu, na kila nyumba iliyochaguliwa inasimama badala ya nyingine zinazofanana nayo. Kaya namba 7 inasimama badala ya kaya mia nne na kumi na mbili. Ukisema Bi Caritas anakula vizuri, umesema wajane mia nne na kumi na mbili wa mkoa huu wanakula vizuri. Ripoti itaandikwa, wakubwa wataisoma, watasema huko ziwani hakuna njaa, tupeleke nguvu kwingine. Na kama umeficha watu watatu, basi mezani kwangu umeficha elfu moja mia mbili na thelathini na sita.

Sasa nikusimulie kosa langu, ujue kwa nini nauliza sana. Mwaka 1991 nilikuwa msimamizi Newala. Kitabu kimoja kilifika, siku kumi na moja za kwanza zimejaa vizuri: unga, mbaazi, samaki mkavu, mafuta ya taa. Kuanzia siku ya kumi na mbili hakuna kitu, isipokuwa maji. Nikasema mdadisi huyu mvivu, amekwenda kukaa kilabuni. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa: nikachukua wastani wa zile siku kumi na moja, nikauziba nao mwezi uliobaki. Kitabu kikapendeza.

Baada ya miezi mitano nilikutana na yule mdadisi sokoni. Nikamgombeza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mzee, siku ya kumi na mbili mama wa nyumba ile alifariki katika uzazi. Walikuwa wakila kwa majirani.”

Katika karatasi zangu, Jovita, mama yule aliendelea kupika siku kumi na tisa baada ya kuzikwa. Na karatasi hizo zilikwisha kwenda Dar es Salaam.

Tangu siku hiyo sizibi pengo bila kuuliza, na sipunguzi kilichozidi bila kuuliza. Kama kuna watu, waandike. Kama huwezi kuwaandika, niambie kwamba huwezi. Lakini usinipe harusi.

Mudathir Salehe

*

Kagunga
25 Oktoba 2000

Mzee Mudathir,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimekaa nayo siku nne ndipo nikapata nguvu ya kujibu. Hii sikumpa Gervasi aiweke na barua nyingine. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Hakukuwa na harusi. Nisamehe kwa uongo.

Wiki ya pili nilikwenda kwa Bi Caritas asubuhi kupima unga kabla hajasonga. Nikakuta mtoto wa kike amechutama jikoni anachagua mawe kwenye maharage. Akainuka akanisalimu, “Mwaramutse.” Hicho ni Kirundi; mtoto wa pale kijijini angenisalimu Kiha au Kiswahili. Bi Caritas akamvuta mkono akamwingiza ndani. Nikauliza, “Yule ni nani?”

Akasema, “Huyo si mtu wa kuandikwa.”

“Lakini ni mtu wa nyumba hii?”

“Ni mtu. Nimekwambia si wa kuandikwa. Pima unga wako.”

Nikapima unga. Kwa siku kadhaa hatukuzungumza zaidi ya kilo na gramu. Kisha siku moja Bi Caritas akanitengea kiti, akanieleza yote mwenyewe. Nadhani alichoka kunificha.

Wako watatu. Kuna bibi mmoja anaitwa Manariyo, na wajukuu zake wawili, Lyse wa miaka minane na Ndizeye wa miaka minne. Walitoka Burundi kwa miguu, wakifuata ufuko, mwaka jana mwezi wa tatu. Baba wa watoto, Feliksi, alikuwa nao hadi karibu na mpaka. Hapo akamwambia mama yake, “Vukeni. Nisubirini Kagunga. Mimi narudi kumchukua mama watoto.” Hajaonekana tena. Baadaye watu waliovuka wakawaambia kuwa mama watoto aliuawa. Kuhusu Feliksi hakuna anayejua.

Unajua sheria, Mzee. Mkimbizi anatakiwa awe kambini, na anayemficha naye anashtakiwa. Kambi ziko huko Kasulu na Kibondo, mbali na ziwa. Bibi Manariyo hataki kwenda kwa sababu moja tu: mwanawe alisema Kagunga. Anasema, “Akija akanikosa, atadhani tumekufa.” Kwa hiyo wamekaa. Boti ikija na watu wageni, yeye na watoto wanapanda juu kwenye michikichi hadi boti iondoke. Boti za watu wa mashirika, boti za serikali, zote anazikimbia. Bi Caritas si ndugu yake hata kidogo. Aliwakuta tu wamekaa kwenye mawe anapoanikia dagaa, watoto miguu imevimba. Nilipomuuliza kwa nini aliwachukua alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji ni maji. Akasema, “Walikuwa wamekaa kwenye mawe yangu.”

Ndiyo hao wanaokula ule unga.

Sasa niambie la kufanya. Nikiwaandika, watachukuliwa? Nisipowaandika nimewafanya wajane mia nne matajiri. Nina miaka ishirini na tatu, Mzee, na hii ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule. Sikujua kama kazi ya kupima maharage ina mambo kama haya.

Jovita

*

Kigoma Mjini
31 Oktoba 2000

Jovita,

Waandike.

Nimelifikiria sana kabla ya kukujibu hivyo. Sheria ya takwimu inasema anayotuambia mtu ni siri, na haiwezi kutumika kumkamata, kumtoza kodi wala kumfukuza. Niliapa nikiwa kijana mwenye nywele nyingi, na sijawahi kukivunja kiapo hicho. Majina yanakaa kwenye ukurasa wa kwanza pekee. Nikishakagua, naukata ukurasa huo, naufungia kabatini. Dar es Salaam inakwenda namba tu. Huko hakuna Manariyo. Kuna mwanamke, miaka kadhaa, kaya 7.

Kwenye sehemu ya uhusiano na mkuu wa kaya andika “wengine”. Kwa kanuni zetu, anayelala na kula chungu kimoja na wenzake kwa miezi mitatu au zaidi ni mwanakaya. Kanuni haikuuliza alivuka mto gani. Sikupindisha kitu. Umeona mwenyewe.

Ukifanya hesabu utaona kwamba mtoto wa miaka minne tunamhesabu kama nusu ya mtu mzima hivi, kwa sababu anakula kidogo. Usishangae ukiona jumla ya kaya ni watu wanne na kitu badala ya sita. Ndivyo tunavyolinganisha nyumba yenye watoto na isiyo na watoto.

Ukurasa wa majina hautatoka mikononi mwangu. Lala usingizi, mwanangu.

Mudathir

*

Kagunga
7 Novemba 2000

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimewaandika. Kitabu kipya kimo humu ndani.

Nilikaa na Bi Caritas na Bibi Manariyo sebuleni, nikawasomea ahadi yako neno kwa neno, na Bi Caritas akamfasiria bibi pale Kiswahili changu kilipokuwa kigumu. Bibi aliitazama karatasi ile. Kisha akauliza, “Huyo mzee ana mama?” Nikasema sijui, nadhani mama yake alikwisha kufariki. Akasema, “Haya. Andika.”

Umri wake hakuujua. Tukahesabu kwa mambo: alivyoolewa, alivyomzaa Feliksi, mwaka ziwa lilipopanda likala nyumba za ufukweni. Tukafika miaka 61. Nilipomaliza akaniomba nimsomee nilivyoandika. Nikasoma: Manariyo, mwanamke, sitini na moja. Lyse, mwanamke, minane. Ndizeye, mwanamume, minne. Akasema, “Soma tena.” Nikasoma tena. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, “Kumbe bado tupo.”

Nikamweleza Bi Caritas kuhusu mtoto kuwa nusu. Hakupenda. Amesema, “Mwambie mzee wako aje alale hapa usiku mmoja na Ndizeye akiwa na njaa, ndipo atajua kama ni nusu.”

Mzee, nimeigawa ile kilo mbili na robo upya. Kaya namba 7 imeshuka chini ya mstari wa umaskini, tena si kidogo. Nilimweleza Bi Caritas maana ya mstari huo, kwamba ni kiasi cha chini kabisa mtu anachohitaji ili ale na avae, na kwamba sasa yeye yuko chini yake. Akasema, “Nilijua kabla yako.” Halafu akaniwekea dagaa wa kupeleka kwa mama.

Hilo ndilo jambo la pili. Mama yangu Kalinzi ni mgonjwa wa kifua. Naomba ruhusa ya siku kumi. Leodgar, mdadisi wa kijiji jirani, amekubali kunishikia kaya zangu, lakini sikumwambia chochote zaidi ya mzani na vitabu.

Binti yako,
Jovita

*

Kagunga
20 Novemba 2000

Bwana Mudathir,

Nimerudi jana. Nyumba ya Bi Caritas imefungwa kwa kufuli. Binti zake wamepelekwa kwa shangazi yao. Leodgar anasema alikuta mlango umefungwa tangu Jumatano, akaandika mistari mitupu.

Nilimuuliza mama jirani. Nitakuandikia alivyosema, bila kuongeza. Jumanne tarehe 14 ilikuja boti na wanaume wawili na mwanamke mmoja. Walikuwa na karatasi yenye majina. Wakasimama pale kwenye mawe ya dagaa wakaisoma kwa sauti.

Nikamuuliza, “Majina gani?”

Akasema, “La yule bibi, Manariyo. Na la Lyse, na la Ndizeye.”

“Bibi akafanya nini?”

“Alitoka. Alikuwa analia. Wakaondoka nao, na Caritas akaingia botini pamoja nao.”

Majina hayo matatu, kwa mpangilio huo huo, niliyaandika kwa mkono wangu tarehe nne, nikakutumia tarehe saba. Wiki moja baadaye yanasomwa ufukweni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo kwenye karatasi.

Uliniambia nilale usingizi. Uliniita mwanangu. Bibi yule aliishi mwaka mmoja na miezi minane bila kuonekana, akaonekana kwa sababu mimi nilimshawishi, na mimi nilimshawishi kwa sababu nilikuamini wewe. Afadhali wangechukuliwa kwa bahati mbaya. Wamechukuliwa kwa sababu tulitaka hesabu ya unga ikae sawa.

Vitabu vya kaya nyingine nitavimaliza ifikapo tarehe 30 kwa sababu watu wake hawana kosa. Baada ya hapo naacha kazi.

Jovita Herman

*

Mwanga, Kigoma
26 Novemba 2000

Jovita,

Barua yako imenifikia nyumbani, kwa sababu ofisini sipo. Gervasi alinitafuta mtaa kwa mtaa. Ni mtu mwema.

Tarehe 10 alinijia bwana mmoja, ofisi yake sitaitaja. Alikuwa amesikia kwamba wadadisi wetu wanaingia hadi jikoni mwa watu wa mpakani. Akataka orodha ya nyumba zenye watu wasio wa kijiji. Alizungumza kwa adabu. Nikamwambia kwa adabu kwamba haiwezekani. Akarudi siku ya tatu na barua. Nikaisoma, nikamwambia barua haiwezi kushinda sheria. Mkuu wangu wa hapa akaniita, akasema ninaleta ugomvi miezi michache kabla ya kustaafu, nikabidhi ufunguo wa kabati. Nikasema nitaukabidhi kwa mtu aliyeapa kama mimi, na kwa maandishi. Tarehe 15 nikaambiwa nipumzike nyumbani hadi Dar es Salaam iamue. Nikaondoka na ufunguo. Uko mfukoni mwangu ninapoandika. Kabati halijavunjwa. Nina rafiki pale ambaye huniambia.

Kwa hiyo ukurasa wako hakuna aliyeusoma zaidi yangu. Hilo naweza kuapa. Lakini jinsi majina hayo yalivyofika Kagunga sijui, na siwezi kukuthibitishia kwamba si kwa uzembe wangu. Labda nilisema neno mahali. Nimekaa siku mbili najiuliza kila niliyezungumza naye, mpaka muuza kahawa. Sioni. Lakini hata Newala sikuona.

Sitakuomba uniamini. Nakuomba uulize. Umemsikia jirani tu, hujamsikia Bi Caritas. Msubiri arudi, au mtafute. Ukisikia kutoka kwake kwamba ni mimi, niandikie hivyo hivyo bila kupunguza, nami nitapokea.

Na usiache kazi kwa ajili yangu. Ulivyokasirika ndivyo inavyopasa mtu anayeshika majina ya watu akasirike.

Mama yako anaendeleaje? Hukusema.

Mudathir

*

Kagunga
5 Desemba 2000

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwa mama. Hajambo. Amepata dawa, anakohoa kidogo tu, na amekula dagaa wote.

Bi Caritas amerudi jana kwa boti ya Gervasi. Nilikuwa nimekaa kwenye mawe yake tangu asubuhi. Aliponiona alicheka, nami nikaanza kulia, naye akasema, “Na wewe umekuja kukaa kwenye mawe yangu.”

Wale waliokuja na karatasi ni watu wa shirika linalotafuta ndugu waliopotezana vitani. Majina hayakutoka kwako. Yalitoka kwa Feliksi.

Feliksi yuko hai. Alirudi kweli kumchukua mkewe, akamkuta amekwisha kuuawa, na njia ya ziwani ikawa imefungwa na mapigano. Akavukia juu milimani, upande wa Manyovu, akachukuliwa na lori hadi kambini Kasulu. Kutoka kambini bila kibali hairuhusiwi. Kwa hiyo alichoweza ni kuandikisha majina ya mama yake na wanawe kwa hilo shirika, akasema, watafuteni Kagunga, niliwaambia wanisubiri Kagunga. Aliyaandikisha mama kwanza, kisha mkubwa, kisha mdogo, kama mtu yeyote angefanya. Nami nikadhani ni mpangilio wangu.

Sasa sikiliza hili, Baba. Shirika hilo lilikwisha kufika hapa mara mbili kabla. Mara zote mbili bibi aliona boti ya wageni, akapanda na watoto kwenye michikichi. Wakasoma majina ufukweni, kijiji kizima kikasema hatuwajui, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana kumlinda. Mwaka mzima mwanawe alikuwa anamwita, na sisi tunamficha asisikie.

Mara hii ya tatu hakupanda. Bi Caritas anasema alimvuta kanga, “Twende juu.” Bibi akakataa. Akasema, “Mimi nimekwisha kuandikwa. Yule binti alinisomea jina langu mara mbili na sikufa.” Akashuka hadi kwenye maji na wajukuu zake. Mwanaume mmoja akasoma: Manariyo. Akajibu, “Ni mimi.” Akasoma: Lyse, Ndizeye. Akajibu, “Hawa hapa.” Ndipo wakamwambia nani aliyewatuma, akalia, na yule mama jirani aliyekuwa amesimama mbali akaona kilio tu.

Nilikuandikia maneno mabaya. Nilikuita Bwana kama karani wa mahakama. Wewe ulikuwa umekaa nyumbani bila kazi, ufunguo mfukoni, unawaza ni wapi ulikosea, na hukunijibu hata neno moja la ukali. Sijui kuomba msamaha mkubwa kiasi hicho kwa barua. Nitakuja mjini tarehe 12 kuleta vitabu. Naomba nije nyumbani kwako nikusalimu, kama utanipokea.

Vitabu vya kaya namba 7 nimeviacha vilivyo. Hadi tarehe 14 watu sita. Kisha mistari mitupu, na pembeni nimeandika kwa penseli yako sababu yake, ili yeyote atakayekaa mezani asizibe.

Binti yako,
Jovita

*

Mwanga, Kigoma
8 Desemba 2000

Mwanangu Jovita,

Nitakupokea. Nyumba ya tatu baada ya msikiti mdogo, mlango wa bluu. Nimpikie mtu wa Kalinzi nini?

Barua yako nilimsomea muuza kahawa, nikiruka majina. Naye alilia, sijui kwa nini, hana mtu Burundi.

Habari za kwangu: Dar es Salaam wameandika kwamba nilikuwa sahihi, kabati lisiguswe. Jumatatu narudi ofisini kukabidhi kazi, ila miezi sita iliyobaki sitaimalizia hapa. Wanasema kwa amani ya ofisi ni heri nikamalizie Lindi. Sijahuzunika sana. Mkuu wangu hapendi kunitazama usoni, na mimi sipendi kumwona mtu akiteseka.

Nimekuombea nafasi yangu ya kuhariri vitabu, itakayobaki wazi nikiondoka. Usikatae kabla hujaniona.

Kuhusu maneno yako, hujanikosea. Miaka tisa nimejiuliza kama nimejifunza kitu Newala. Barua yako ya hasira ndiyo iliyonionyesha kwamba angalau nimemfundisha mtu mwingine.

Baba yako,
Mudathir

*

Kagunga
22 Januari 2001

Kwa Mzee Mudathir,

Mzee shikamoo. Mimi ni Caritas wa dagaa. Barua hii naandika kwa mkono wangu, utanisamehe makosa, shule niliacha darasa la nne. Jovita alisema atakuletea kabla hujasafiri Lindi. Ameanza kazi yako na anatisha watu kama wewe, lakini kwangu anakuja kula.

Nataka nikueleze tulivyofika kambini, maana Jovita hakuona na wewe hukuona. Tulikuta wanaume wengi wamekaa wanangoja gari. Lyse ndiye aliyemjua baba yake. Aliruka kutoka garini kabla halijasimama. Manariyo yeye alikaa.  Feliksi akaja akapanda garini, akampigia mama yake magoti mle ndani kwenye magunia ya watu. Manariyo akamshika kichwa, akamwambia, umekonda. 

Ndizeye hakumjua. Alikuwa mdogo walipoachana. Alijificha kwenye kanga yangu siku tatu. Siku ya nne baba yake akamchongea gari la mti, wakaanza kuongea. Nilipoondoka alinifuata hadi kwenye kizuizi cha kambi. Nilitembea bila kugeuka kwa sababu ningegeuka ningerudi.

Jovita anasema sasa kwa kuwa tumebaki watatu, nikipimwa tena nitakuwa juu ya ule mstari wenu. Sawa. Lakini nakwambia wewe kama mtu mzima mwenzangu: nilipokuwa maskini wenu nyumba ilikuwa na kelele. Sasa binti zangu wanaongea polepole kama wako kanisani.

Basi mwanzoni mwa mwezi huu Feliksi alipata kibali akaja. Alileta kuku. Alikaa pale kwenye mawe akaniambia Ndizeye hali vizuri, analia jina langu, na Manariyo anasema mtoto ana mama wawili, wa kumzaa amekufa na wa pili yuko Kagunga. Akaniuliza kama nitakubali, wakiwaruhusu, mtoto awe anakuja kukaa kwangu mwezi mmoja, kisha anarudi kwa baba yake mwezi mmoja, hadi aanze shule. Karatasi ya ruhusa wametoa. Mtoto amekuja juzi. Amelala hapo nyuma yangu ninapoandika, amekunja ngumi.

Kwa hiyo nina swali, na Jovita amesema kwa swali hili nikuulize wewe mwenyewe. Mtoto anayelala huku mwezi mmoja na kule mwezi mmoja, na kote wanamngoja na chakula, nyinyi mnamwandika nyumba gani?

Mimi nimemwambia baba yake aandikwe kote kuwili. Kama kanuni yenu inakataa, nijibu.

Ni mimi,
Caritas